Vidole vya Miguu vya Kungwi

Kungwi hakuwahi kumwambia mtu pole. Ukijikwaa mbele yake alikutazama mpaka usimame, kisha akaendelea na maneno yake pale alipoyaacha. Mgeni angeweza kudhani ana roho ngumu. Sisi tuliopita mikononi mwake tulijua kwamba hapo hasa ndipo ulipokuwa upole wake: hakuondoka. Wengine husema pole wakaenda zao. Yeye alibaki.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Hakupenda kuulizwa, na kila aliyewahi kuniambia aliniambia tofauti. Nilimfahamu kijijini kwetu Madimba mwishoni mwa miaka ya arobaini, nilipokuwa mwali wa kuwekwa ndani, na nikaendelea kumfahamu nilipokuwa nesi msaidizi katika hospitali moja ya mjini Mtwara. Kungwi ni mwanamke anayewapokea wasichana waliovunja ungo na kuwafundisha, katika unyago, namna ya kuwa watu wazima. Yanayofundishwa huko hayasemwi nje, na mwanamume hayasikii kabisa. Ahadi hiyo nimeishika maisha yangu yote, isipokuwa kwa jambo moja ambalo nitalieleza hapa. Nina sababu.

Usidhani alikuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa mlalamikaji mkubwa. Chai ikikosa sukari, nyumba tatu za jirani zilijua. Mbu walimkosea adabu. Jua la Madimba lilikuwa na kisa naye binafsi. Akienda soko la Chikongola aliwagombeza wauza samaki mpaka wakamzoea, na wakimwona kwa mbali waliambiana, "Haya, funikeni nguru, mama wa lawama huyo anakuja." Naye alijibu, "Funikeni nyuso zenu kwanza, samaki wana nafuu." Wakicheka, aliondoka na fungu kubwa kuliko haki yake.

Reli ya bandarini ilipojengwa, watu wakiambiwa itabeba karanga za mashamba ya wakubwa wa Kizungu, alikwenda kuiona. Alisimama kando ya njia mikono kiunoni mpaka gari likapita na makelele yake, mabehewa karibu matupu. Akamgeukia nyapara aliyekuwa pale.

"Baba, hizo karanga ziko wapi?"

"Zitakuja, mama."

"Kumbe mmemlaki mgeni ambaye hajaondoka kwao. Mmemtandikia kitanda hajazaliwa."

Alirudia kisa hicho miaka mingi, na kila mara sauti ya nyapara ilizidi kuwa nyembamba.

Basi mtu huyu wa kelele alikuwa na kitu kimoja ambacho hakukilalamikia kamwe: maumivu ya mwili wake. Siku moja tulikuwa tukikaanga korosho uani kwake, juu ya bati lililotobolewa matundu. Aliyewahi kukaanga anajua kwamba ganda likishika moto hutema mafuta, na mafuta hayo hula ngozi. Tone lilimrukia kwenye kifundo cha mkono. Nililiona likifuka. Yeye alikuwa katikati ya habari za shemeji yake, aliyekwenda Lindi kununua mbuzi akarudi na mke.

"Kungwi, umeungua!" nikasema.

"Nani kaungua? Sikiliza, basi yule mke akashuka na sanduku, na mbuzi hakuna..."

Akamaliza kisa, tukacheka, akapakua korosho. Lakini mimi nilikuwa nimetazama chini, kwa sababu nilijua pa kutazama.

Na hili ndilo jambo moja ninalolitoa nje. Alitufundisha kwamba maumivu lazima yapate pa kutokea. Ukiyafungia kifuani yatakusumbua, ukiyaachia usoni watu watakuchezea. Yashushe. Yapitishe tumboni, magotini, mpaka kwenye vidole vya miguu, uvikunje kama unashika udongo. Uso uache wazi kama ua uliofagiwa. Hakuna anayetazama miguu ya mwanamke, alisema. Tulifanya zoezi hilo siku nyingi. Nimezaa watoto wanne kwa zoezi hilo, na wakunga wakashangaa. Siku ya korosho vidole vya Kungwi vilikuwa vimejikunja mpaka kucha zikachimba mchanga.

Alikuwa na mambo yake mengine yasiyolingana. Alitukataza ugoro, na kopo lake la ugoro lilikuwa chini ya mkeka. Alituambia mwanamke asikimbie, lakini mvua ya kwanza ikinyesha alikimbia uani kichwa wazi kuisalimu. Alisema hapendi watoto wa watu, na mimi nilipotaka kwenda kujifunza kazi ya hospitali, baba akikataa, ni yeye aliyekuja kukaa mlangoni kwetu siku mbili. Hakubishana. Alikaa tu, akilalamikia joto, akiomba maji, akilalamikia maji. Siku ya tatu baba akasema, "Mchukueni mtoto, mniondolee na huyu."

Kwa hiyo sare yangu ya buluu nilivalishwa na yeye, ukipenda kusema hivyo. Na mimi hospitalini nikawa mtu wa kueleza. Wengine walifunga vidonda vizuri kuliko mimi, wengine walichoma sindano bila kuumiza. Kazi yangu mimi, kila daktari alipotaka mgonjwa afanyiwe jambo geni, ilikuwa kukaa naye kwenye benchi na kumweleza kwa utaratibu mpaka hofu imtoke. Nilikuwa naamini kwamba hakuna mtu asiyeelewa, ila kuna asiyeelezwa vizuri. Bado nusu yangu inaamini hivyo.

Niligundua ugonjwa wake kwa sababu alianza kuangalia vitu. Kungwi hakuwa mtu wa kuangalia vitu. Alitembea kama anayechelewa. Lakini nilipokwenda likizo Madimba tukafuatana shambani, kila baada ya hatua kadhaa alisimama.

"Simama, tuangalie mhogo wa huyu bwana ulivyostawi."

Tukauangalia. Mbele kidogo akasimama tena.

"Mchwa hawa. Hebu ona walivyojipanga."

Tukawaona mchwa. Mara ya tatu hapakuwa na kitu chochote cha kuangalia, njia tupu na mchanga, naye akasimama akautazama mchanga. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Nikatazama miguu yake.

"Kungwi, kifua kinakubana?"

"Hakibani. Twende."

Asingekanyaga hospitali kwa maneno yangu. Aliyemleta ni binti yake. Kiangazi kile ilikuwa zamu ya mjukuu wake, mtoto wa binti huyo, kuingia unyagoni, na Kungwi alikuwa amengoja siku hiyo tangu mtoto alipozaliwa. Binti akamwambia mbele ya wanawake wote, "Mama, unahema usiku kama umebeba gunia. Daktari asiposema umepona, mwanangu atachezwa unyago na mwingine." Hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Kungwi akasema chai haina sukari. Kesho yake akapanda lori la mkaa kuja mjini.

Daktari wetu alikuwa mtu mwema, na naomba lawama yoyote isimwendee. Aliweka sikio kwenye kifua chake kwa muda mrefu, akasema anasikia jambo lakini hana hakika. Kwetu hapakuwa na mashine ya kuchora mapigo ya moyo. Hiyo ilikuwa Dar es Salaam. Tulikuwa na eksirei ya kupiga picha ya kifua, na tulikuwa na ngazi mbili za mbao, kazi ya seremala wa hospitali. Akionekana mgonjwa kweli, alisema, ataanzishiwa dawa siku hiyo hiyo na kupelekwa Dar es Salaam kwa meli kwa gharama ya serikali. Asipoonekana, atarudi nyumbani.

Nikakaa naye kwenye benchi. Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe. Kesho asubuhi usile kitu kizito, uji mwepesi utatosha. Kahawa acha. Ugoro pia, na usinitazame hivyo, najua lilipo kopo. Njoo umepumzika, usitembee kutoka unakofikia, nitakutafutia baiskeli. Kwanza picha: utavua shanga na hirizi ya shingoni, kwa sababu vitu hivyo hutia kivuli kwenye picha vikaonekana kama ugonjwa. Nitakufunga kanga mimi mwenyewe, hakuna atakayekuona. Utaegemeza kifua kwenye bamba la baridi, utavuta pumzi, utaishika. Haiumi.

"Na hizo ngazi?"

"Utapanda mbili, utashuka upande wa pili, utageuka, utapanda tena, mpaka daktari aseme basi. Moyo mgonjwa, mtu akikaa, hujificha. Unafanana na moyo mzima. Kwa hiyo tunauchosha kidogo makusudi ili ujitokeze."

"Mnataka nichoke."

"Tunataka kujua unachokea wapi. Na hapa ndipo penyewe, Kungwi, nisikilize. Kifua kikianza kubana, au mkono wa kushoto ukiuma, au pumzi ikikata, sema hapo hapo. Usingoje. Daktari hana macho ya kuona ndani. Kipimo chote kiko kwenye mdomo wako."

"Mwali wangu," akasema, "umri wangu wote nimewafundisha watoto wa watu wasiseme. Leo wewe unanifundisha kusema?"

"Leo tu. Mara moja."

"Umefundishwa ukafundishika," akasema, na nikadhani amekubali. Nilikwenda zangu nimefurahi. Nilieleza vizuri siku ile. Sijawahi kueleza vizuri zaidi.

Asubuhi alikuja na wanawake saba. Wote walikuwa wali wake wa zamani, aliowafunda unyagoni, mmoja ana wajukuu. Walikuwa wamevaa kanga za sare kama waendao harusini. Nilijua mara moja walichokuja kufanya. Mwali anapopelekwa mahali pa kujaribiwa hapelekwi peke yake. Wanaompenda humsimamia, na akivuka humpigia vigelegele ili asilegee. Wao waliona kungwi wao anapelekwa kujaribiwa. Wangemwachaje peke yake?

"Jamani, hapa si vile," niliwaambia barazani. "Hapa anatakiwa alegee. Akilegea ndiyo atatibiwa."

Mkubwa wao akanishika bega. "Wewe kafanye kazi yako, mdogo wangu. Sisi tufanye yetu."

Picha ilikwenda salama. Alivua shanga, akanikabidhi bila maneno, akavuta pumzi akaishika kwa muda mrefu kiasi kwamba fundi wa eksirei alilazimika kumwambia mara mbili aitoe. Daktari aliiinua picha kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku. "Moyo umekuwa mkubwa kidogo," akasema, "au alisimama upande. Siwezi kuapa. Ngazi ndizo zitakazoamua."

Kungwi akapanda. Daktari ameshika saa, mimi nahesabu. Mara ya tano, mara ya sita. Dirisha lilikuwa wazi na wale saba walikuwa barazani. Kila alipokanyaga ngazi ya juu walipiga kigelegele kimoja, kifupi, na makofi yakaanza, na kutokana na makofi ukatokea mwendo, na Kungwi akaupanda ule mwendo. Alipanda vizuri. Wagonjwa wa wodini walitoka kutazama. Hata daktari alitabasamu. Uso wa Kungwi ulikuwa ua uliofagiwa.

Nikatazama chini. Alikuwa peku. Kila unyayo ulipotua kwenye ubao vidole vilijikunja, vikaushika ubao, vikaacha, vikaushika tena. Kufika mara ya kumi na mbili havikuacha tena. Alikuwa anapanda kwa vidole vilivyofumbwa kama ngumi.

"Bibi, kinauma?" daktari akauliza.

"Hakiumi."

"Kinabana?"

"Hakibani."

"Daktari," nikasema, "anaumwa."

Akanigeukia. "Amekuambia?"

"Hapana. Naona."

"Unaona wapi?"

Kungwi alikuwa ameshuka, amesimama kati yetu. Hakunikunjia uso. Alinitazama tu, kama alivyonitazama siku nilipojikwaa nikiwa mwali, akingoja nisimame. Nilikuwa na maneno mawili kinywani: tazama miguu. Daktari alikuwa mwanamume. Dirisha lilikuwa wazi. Wale saba walikuwa wameacha makofi wanasikiliza, kila mmoja anajua ninachotaka kusema, kila mmoja amebeba ahadi ileile.

"Naona tu," nikasema.

"Bibi, nesi anasema unaumwa."

"Huyu?" Kungwi akacheka. "Huyu ni mwoga tangu zamani, baba. Nilipomtoga masikio alilia mpaka kuku wakakimbia banda."

Barazani wakaangua kicheko. Daktari naye akacheka, bila ubaya, akapima mapigo ya mkono wake, yalikuwa ya kasi, kama ya mtu yeyote aliyetoka kupanda ngazi. Akaandika. Niliuona mkono wake ukiandika. Mgonjwa hana maumivu. Arudi akijisikia vibaya.

Nilimkimbilia Kungwi nje, wenzake walipokuwa wamekwenda kutafuta lori.

"Kwa nini, Kungwi? Dawa ilikuwepo. Meli ilikuwepo."

"Ulitaka kunivua nguo mbele ya mwanamume."

"Nilitaka upone."

"Najua." Akaketi kwenye ngazi za hospitali, hizi za kweli, za saruji, na kwa muda hakuweza kuongea. Mimi nikabaki nimesimama na sare yangu. "Mwaka huu ni wa mjukuu wangu," akasema mwishowe. "Ukitaka unipeleke huko Dar es Salaam, nipeleke mwakani. Na baiskeli yenu ile haina upepo, imenivunja mgongo."

Nimewaza sana kuhusu maneno yale mawili niliyoyameza. Mara nyingine najiambia ningeyasema angekana na miguu pia. Mara nyingine sijiambii kitu. Nimefanya kazi ile miaka mingi baadaye, na kila niliyemweka kwenye benchi nilimwambia hivi, nakuambia na wewe ikiwa utaitwa: hawakupimi ushujaa. Wale wanaokuchosha wanatafuta mahali pa kukusaidia. Kikibana, sema kinabana. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, acha acheke. Wengi walinielewa. Ninajua kueleza. Aliyenifanya nijue kueleza hivyo ndiye peke yake aliyenielewa kila neno akafanya kinyume.

Mjukuu alichezwa. Wanasema ulikuwa unyago mzuri kuliko wote, na Kungwi alicheza siku zote bila kukaa. Mimi nilikuwa zamu, sikwenda.

Nilimwona miezi minne baadaye, binti yake alipotuma mtu. Alikuwa chumbani, ameketishwa ameegemea gunia la mhogo mkavu, kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Miguu ilikuwa imevimba mpaka magotini. Nilibonyeza kwa dole gumba, shimo likabaki. Vidole vyenyewe vilikuwa vimejaa kama vya mtoto mchanga, havikunjiki tena.

"Shikamoo, Kungwi."

"Marahaba. Umekonda. Huko hawakulishi?"

Nikamhesabia mapigo. Nilijua kabla sijamaliza kuhesabu. Lori la mkaa lilikuwa la Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Njia yenyewe isingempeleka hai. Daktari wetu alikuwa amehamishwa, mpya hajafika. Nilimwinua kidogo, nikampangia kanga mgongoni, nikafungua dirisha. Baada ya hapo sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Akamwambia binti yake akalete maji. Akamwambia mjukuu amfuate mama yake. Walipotoka akanivuta kwa ncha ya sare mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Kinauma," akasema.

Nikapiga magoti kando ya gunia lake.

"Kinauma hapa, na hapa, kinapita mkononi. Kilianza mwaka juzi, msimu wa korosho. Siku ile ya ngazi kiliuma tangu ngazi ya kwanza." Akapumua. "Ulisema niseme. Nimesema. Andika."

Sikuwa na karatasi. Nilikuwa na kalamu tu, ile ya wodini, mfukoni. Nikafungua kiganja changu cha kushoto nikaandika kila alichosema, pole pole, kwa mpangilio tunaofundishwa: mahali, tangu lini, kinakwenda wapi. Alinyoosha shingo kuangalia. Hakujua kusoma. Alizifuata herufi kwa macho mpaka mwisho wa kiganja, akaegemea gunia lake.

"Haya," akasema, kama mtu aliyemaliza deni la maneno. "Sasa na wewe mpelekee daktari wako."

"Nitampelekea."

Binti akarudi na maji, nikampokea kikombe kwa mkono wa kulia. Ule wa kushoto niliufumba. Nilikaa naye mpaka jua likazama, sikumwambia pole. Kabla ya kuondoka niliosha vyombo vya chakula cha mchana, kwa sababu binti yake alikuwa amechoka, na wino ukatoka wote kwenye maji ya sufuria.